Niliyoyaona Kwenye Drafti za Kaka Yangu

Kosa langu, kwa maneno ya kikao cha ligi yetu ya drafti, lilikuwa kusoma. Sikumwibia mtu, sikuweka mashine inichezee, sikumtukana mzee wa watu. Nilisoma. Nalisema mapema kwa sababu hapa Toronto bado wapo watu wanaonikuta kwenye foleni ya duka la unga kule Rexdale wakanisalimia kwa nusu mdomo, kana kwamba nilikamatwa na mkono mfukoni mwa mtu. Na kwa kuwa hakuna anayeniuliza ilikuwaje, acha niandike mwenyewe.

Tulikulia Tabora, kaka yangu na mimi, wawili tu kwa mama yetu. Yeye amenizidi miaka sita. Ubao wake wa drafti aliuchora kwa mkaa kwenye ubavu wa boksi la sabuni, na kete zilikuwa vizibo vya soda, vyake vimelala chali, vyangu kifudifudi. Alinifundisha kwa sababu mchana wa jua kali rafiki zake walikuwa hawajaja bado na alihitaji mtu wa kumfunga. Mara nyingi nilikuwa nimebakiza hatua moja tu nipate kingi, ile kete iliyofika mwisho wa upande wa adui na kupewa ruhusa ya kutembea mbele na nyuma itakavyo, hapo hapo rafiki zake wanatokea, naye anaufagia ubao kwa kiganja. "Haya, nenda kwa mama." Katika utoto wote sikumbuki hata mchezo mmoja tulioumaliza. Niliumia, na nikisema yamepita nitakuwa mwongo. Nilichotaka kwa kaka yangu kilikuwa hicho kimoja: acheze na mimi kwa nguvu zake zote, mwanzo hadi mwisho, kama anavyocheza na mtu anayeweza kumfunga.

Yeye ndiye aliyetangulia kuja huku. Alifika katikati ya baridi na koti la kuazima, akapokewa na mzee mmoja wa Kikongo, mtu wa Uvira, shemasi kanisani kwao. Alilala sebuleni kwa mzee huyo miezi minane, na mzee ndiye aliyemshika mkono hadi kwenye ghala la mizigo kule Malton, kazi anayoifanya hadi leo. Mimi nilipofuata miaka kadhaa baadaye, nikapata kazi ya kuhudumia watu katika nyumba ya kulea wazee hapa Etobicoke, aliyenipikia ugali na sombe, kisamvu cha kwao, wiki ya kwanza alikuwa mke wa mzee huyo, Mungu amrehemu. Kwa hiyo nisije nikaambiwa sikumjua mzee ni nani kwetu. Nilimwamkia shikamoo kila nilipomwona, ingawa kwao hawana salamu hiyo, naye alicheka kila mara kabla ya kuitikia, "Marahaba, mama."

Sasa, wakati wa baridi huku hakuna kijiwe. Huwezi kuweka ubao nje watu wakakuzunguka. Ndipo kijana mmoja Mkenya, fundi wa kompyuta, akatuanzishia ligi ya drafti kwenye simu. Kila Jumapili alasiri, watu wakishatoka kanisani na wale wa msikitini wakiwa wamepumzika, mnapangiwa mpinzani na mnacheza kila mtu akiwa kwake, mmoja Malton, mwingine Thornhill, mwingine Scarborough. Kijana huyo tulimwita mwenyekiti. Miaka mitatu mfululizo bingwa alikuwa mzee wa Uvira, na miaka yote mitatu aliyefungwa naye fainali alikuwa kaka yangu.

Nilipoomba kuingia nilikuwa mwanamke peke yangu. Mwenyekiti akaandika kwenye kundi letu la simu, "Karibu sana mathe, si utatuletea chapo?" Nikamjibu kwamba yeye ndiye atakayemletea mama huyu chapati, nikishamfunga. Nilimfunga wiki ya tatu. Chapati sijaziona.

Programu ile huhifadhi kila mchezo. Unabonyeza, kete zinatembea zenyewe tangu mwanzo, unazisimamisha, unazirudisha nyuma, unatazama tena. Michezo ya ligi nzima, tangu siku ya kwanza, ilikuwa wazi kwa kila mwanachama, na hakuna aliyeifungua. Wanaume wale walisema mchezo uliokwisha ni kiporo na wao hawali kiporo. Mimi ambaye nimekua kwa kiporo nilikifungua. Nilisoma kwenye basi kutoka stesheni ya Kipling, nilisoma nusu saa yangu ya mapumziko kazini, mwenzangu wa zamu akidhani naangalia tamthilia. Wao walikuwa na miaka yao ya vijiweni, miaka ya kufungwa na kuchekwa na kuelekezwa na wakubwa. Mimi ningekaa kijiwe gani? Msichana wa Tabora akisimama kwenye ubao wa drafti zaidi ya dakika mbili aliulizwa ametumwa nini. Shule yangu ilikuwa ile simu, na sikuona aibu.

Ukimsoma mtu michezo thelathini unamjua kuliko anavyojijua. Mwenyekiti ana pupa, ukimpa kete moja anasahau zingine. Mzee akibanwa hukimbilia kona ya kushoto na kutulia huko, akingoja wewe uchoke. Na kaka yangu hulinda mstari wake wa nyuma kama mtu aliyeweka maziwa jikoni. Kete mbili za katikati kule nyuma hazigusi mpaka mchezo unakaribia kwisha, kwa sababu ukizitoa umemfungulia adui mlango wa kupata kingi. Hakuzigusa kwa mwenyekiti, hakuzigusa kwa yeyote yule.

Isipokuwa kwa mzee. Kwa mzee, kila alipokuwa amemzidi kete mbili au tatu, kaka alinyanyua kete ya nyuma akaisogeza mbele, bila kulazimishwa na kitu chochote. Mlango wazi. Mzee anaingia, anapata kingi, mchezo umekwisha. Fainali ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tatu hivyo.

Mwanzoni nilidhani ni woga wa fainali. Nikapanda mabasi mawili hadi Malton, nina furaha kabisa, nikiamini kwamba safari hii mimi ndiye nitakayemfundisha yeye. Nilimkuta sebuleni ametoka zamu.

"Kaka, hii kete ya nyuma, mbona ukicheza na mzee unaitoa mapema?"

"Umeiona wapi?"

"Kwenye simu. Michezo yako yote imo."

Akaichukua simu, akatazama ile kete inavyotembea, kisha akailaza mezani uso chini. "Drafti siyo mtihani," akasema. "Wewe cheza zako."

Wifi yangu akaleta chai na mazungumzo yakahamia kwenye mambo ya kodi ya nyumba. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilikuwa nimeshatazama. Kaka yangu alikuwa anajifungisha. Nilirudi Etobicoke nimekasirika bila kujua nimemkasirikia nani hasa, maana aliyedanganywa alikuwa mzee, na mzee alikuwa na raha zake.

Msimu ule nilipanda hadi nusu fainali, nikapangiwa mzee. Upande wa pili kaka alikuwa ameshashinda na kuingia fainali. Maana yake nikimfunga mzee, nitakaa na kaka yangu kwenye ubao mmoja, mbele ya ligi nzima, na hakuna rafiki atakayetokea wala kiganja kitakachofagia. Wiki nzima ile niliogesha wazee wa watu na kubadilisha mashuka huku nikiwazia jambo hilo tu. Jumapili ikafika. Mzee alipobanwa alikimbilia kona yake ya kushoto, nami nilikuwa nimeshaiziba kona hiyo hatua sita kabla. Akaniandikia, "Mama, leo umenikamata." Nililia kidogo, jikoni, kwa furaha.

Ningenyamaza hapo. Lakini watu waliponiuliza kwenye kundi nimefanyaje, nikarekodi sauti, tena kwa madaha: nimesoma michezo yenu yote, tangu wa kwanza, hata wewe unayeniuliza tabia yako naijua. Hilo ndilo kosa langu la kweli, mdomo.

Kufika Jumatatu sauti zilikuwa zimejaa hata simu inapata moto. Mmoja alisema ni sawa na kumchungulia mtu akiwa bafuni. Mwingine akasema drafti hufundishwa na kufungwa, haifundishwi na faili. Wawili watatu walinitetea, wakasema mbona timu za mpira hutazama mechi za wapinzani wao, wakajibiwa kwamba mpira ni biashara na sisi ni ndugu. Mzee mwenyewe aliandika mstari mmoja tu: amenifunga, amenifunga, mimi sina neno. Hawakumsikia. Walikuwa wanamtetea, na mtu akishaamua kukutetea hana haja na maneno yako.

Wakaitisha kikao Jumamosi katika ukumbi wa chini wa ghorofa moja hapa Etobicoke, ule unaofanyiwa sherehe za kuzaliwa. Walikuja watu kama ishirini na makoti yao. Mwenyekiti alifungua kwa kusema sheria za ligi hazisemi lolote kuhusu michezo iliyohifadhiwa. "But mathe, fair play ni fair play," akaniambia. "Hiyo kitu si poa." Nikamuuliza kama hakutaka isomwe aliiacha wazi ya nini. Akasema hakufikiria kuna mtu ana muda huo.

Ndipo kaka yangu akasimama. Nilimtazama kwa matumaini, nawaambia kweli. Nilijua atasema, mwacheni mdogo wangu, tutamalizana fainali.

"Mzee huyu ni baba yetu," akasema. "Mdogo wangu amekosa adabu. Kwa niaba ya familia, naomba amwombe mzee radhi, na amwachie fainali."

Kwa niaba ya familia! Familia yenyewe ni mimi na yeye. Wazazi wetu wamelala Tabora, hapa hatuna mjomba wala shangazi, na yeye anasimama mbele ya watu kunitoa kwenye mchezo ambao nimeungoja tangu nina miaka saba, tena kwa niaba yangu mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Ukutani palikuwa na televisheni kubwa, ya kuonyeshea picha za watoto siku za sherehe. Nikaiunganisha na simu yangu.

"Mnataka fair play?" nikasema. "Tazameni basi."

Nikawaonyesha fainali ya kwanza. Nikaisimamisha pale kete ya nyuma inapotoka. Nikawaonyesha mchezo wa kaka na mwenyekiti, wapate kuona anavyoilinda kete hiyo hiyo. Nikaweka fainali ya pili, nikaweka ya tatu. "Sasa niambieni nani hachezi kwa haki hapa. Mimi niliyesoma, au huyu anayejifungisha miaka mitatu?"

Nilitegemea ukumbi ulipuke. Kaka alikuwa anaangalia sakafu. Bwana mmoja wa makamo, mtu wa Dar, akakohoa na kusema, "Sasa hapo kosa liko wapi? Mtu aliyekulaza sebuleni kwake utamfunga hadharani? Hiyo ni heshima."

Wakaitikia. Ee, kweli, heshima. Mmoja akasema hata yeye baba mkwe wake hamfungi. Nikabaki nimeshika simu kama mjinga. Kumbe kumdanganya mzee kwa miaka mitatu ni adabu, na kutazama kitu kilichoachwa wazi ni wizi. Nyani haoni kundule. Ningeliwatukana wote, na nilikuwa nimeshafungua mdomo, lakini mzee alikuwa amenyanyua mkono.

"Mama," akaniambia taratibu, "unirudishie ile ya kwanza."

Nikairudisha. Alisogea karibu na televisheni, miwani mkononi. Kete ya kaka ilipotoka nyuma akasema, "Hapa mimi nilifikiri nimemtega." Akaomba ya pili, akaitazama hadi mwisho. Kisha akamgeukia kaka yangu.

"Na ile ya mwaka wa mke wangu?"

Hiyo ilikuwa ya tatu. Mkewe alikuwa amezikwa mwezi mmoja tu kabla ya fainali hiyo, na watu wote tulimsifu mzee kwa kucheza vizuri vile akiwa na msiba. Kaka hakunyanyua uso. Mzee alivaa koti lake, zipu ikamsumbua, akahangaika nayo muda mrefu na sisi wote tumekaa. Akasema Mungu awabariki, akatoka.

Kikao kiliendelea bila yeye. Waliamua kwamba kuanzia siku hiyo hakuna ruhusa ya kufungua mchezo wa mtu mwingine, na mwenyekiti akaifunga michezo yote pale pale. Kuhusu kujifungisha hawakuweka sheria. Kesho yake mzee akajitoa kwenye ligi, na msimu ukafutwa, fainali na kila kitu.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwake. Alinifungulia, akanikaribisha juisi, akaniuliza habari za kazi. Nikamwomba msamaha. Akasema amenisamehe, na nadhani ni kweli, kwa kiasi ambacho mtu anaweza. Lakini nilipokuwa navaa viatu mlangoni alisema, "Ungenifunga tu, mama, na unyamaze. Kunifunga haina shida. Lakini zile tatu zilikuwa zangu mimi. Nilikuwa nimezipigia hadi watu wa Uvira simu." Nilisema ndiyo, mzee, nikateremka kwa ngazi kwa sababu sikutaka kusimama pale kungoja lifti.

Nina hasira na kaka yangu, na sitaificha kwa maneno mazuri. Alimpa mtu uongo akauita shukrani, na nilipoufunua mimi ndiye niliyeitwa katili. Nina hasira na wale mabwana wa heshima. Na nina hasira na mimi mwenyewe, kwa sababu siku ile ukumbini sikuwa nikimtetea mzee hata kidogo. Nilitaka kaka aaibike. Mzee nilimwona mwishoni kabisa, amesimama karibu na televisheni. Ukiniuliza leo kama kusoma michezo ya watu ni haramu nitakujibu hapana, na nitabishana na wewe mpaka uchoke. Haki ilikuwa yangu. Haikunisaidia kitu.

Kaka hakuzungumza na mimi miezi mitano. Nilipiga, wifi akapokea: yupo kazini, amelala, ametoka kidogo. Krismasi nilituma salamu, zikasomwa, zikaachwa. Ligi ilirudi na jina jipya, mimi sikualikwa, na mzee hakurudi.

Kisha Jumapili moja alasiri, niko jikoni nakanda unga, simu ikalia ule mlio wa drafti, programu ambayo nilikuwa sijaifuta. Ombi la mchezo. Jina la kaka yangu. Sikuamini, nikadhani amebonyeza kwa bahati mbaya, nikangoja ombi lifutike. Halikufutika. Nikanawa mikono, nikajipangusa kwenye kanga, nikavuta kiti na kukaa vizuri kabisa. Nikakubali.

Hatua tatu za mwanzo alicheza kama kawaida yake. Ya nne akasukuma kete mbele ya yangu, haina mlinzi. Katika drafti kula ni lazima. Ukiwekewa kete huruhusiwi kuiacha, simu inakataa hatua nyingine yoyote mpaka uile. Nikaila, nikitafuta mtego uko wapi. Haukuwepo. Akasukuma nyingine. Nikaila. Ya tatu aliitoa mstari wa nyuma, akaileta mwenyewe hadi mdomoni kwangu, haraka haraka, bila kufikiri hata nukta moja.

Nikamwandikia, "Kaka, cheza."

Akajibu, "Nacheza. Kula."

Nikajaribu kusogeza kete nyingine, upande wa pili kabisa wa ubao. Simu ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa, na ile kete yake imekaa pale pale inaningoja. Nikala. Nilikula zote kumi na mbili, na huo ndio mchezo wa kwanza tulioumaliza mimi na yeye.